KONA YA MWALIMU: Mtoto anashinda hoteli ya chai na simu, je, hiyo ni kazi kweli?

Asanteni kwa barua zenu za mwezi uliopita. Nyingi zilihusu karo na mitihani, hizo nitazijibu toleo lijalo. Mwezi huu nimechukua barua moja tu, kwa sababu naona jambo lake limeingia nyumba nyingi hapa Nakivale.

Mama mmoja ameniandikia hivi, jina lake naliacha: "Mwalimu, kijana wangu ana miaka 22, alimaliza S4. Kila siku saa nane mchana anaenda kukaa hoteli ya chai, pale penye waifai, na simu yake na laptopu ya kuazima. Anarudi saa nne usiku. Kila siku anataka shilingi 1,000 ya vocha. Sisi tulitolewa kwenye orodha ya chakula, hiyo 1,000 kwangu ni unga. Nikimwuliza anasema yuko kazini. Kazi gani haina bosi, haina jembe, mtu amekaa tu anakunywa chai? Umwambie wewe, wewe atakusikia."

Mama yangu, nimesoma barua yako mara mbili. Nakuelewa. Wote tunajua jinsi msaada ulivyogawanywa kwa makundi mwaka 2023, na jinsi ulivyokatwa tena mwaka 2025. Nyumba ambayo haipokei kitu haiwezi kutoa 1,000 kila siku bila kuuliza inaenda wapi. Lakini kabla ya kumwambia kijana neno lolote, niliona ni vizuri niende kuona kwa macho. Nilikaa hoteli hiyo siku tatu mchana, nikinunua chai yangu mwenyewe. Haya ndiyo niliyoyaona.

Vijana walikuwa kati ya kumi na ishirini. Nisiwadanganye, karibu nusu walikuwa wanaangalia mpira na video za kuchekesha, na mmoja alilala kabisa juu ya meza. Lakini wengine walikuwa kazini kweli. Mmoja alikuwa na kaseti ya sauti, nasema kaseti lakini ni faili tu, watu wanaongea Kiswahili cha Kivu, naye anaandika kila neno walilosema. Mwingine anatafsiri karatasi za hospitali kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili kwa kampuni iliyo mbali. Dada mmoja alikuwa anaonyeshwa picha za barabara, anachora mstari kuzunguka kila gari na kila mtu, ili kompyuta ijifunze kutofautisha. Kazi hiyo inachosha macho kuliko kupalilia, naapa. Bosi yupo, Mama, ila yuko nchi nyingine, na saa yake ni tofauti na yetu. Ndiyo maana mara nyingine kijana anachelewa usiku: huko kwa bosi ndio kwanza asubuhi.

Kazi ya namna hii ilienea sana mwaka 2020 ofisi za dunia zilipofungwa kwa sababu ya korona. Na sisi hapa tuna bahati moja ambayo wenzetu wengi wa kambi za nchi nyingine hawana: sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Kwa hiyo kijana hafanyi jambo la kujificha.

Sasa shida iko wapi? Iko kwenye hiyo waifai yenyewe, na hapa nataka nikae kidogo, maana wazazi hawaelezwi na vijana wengi wenyewe hawajui.

Waifai ya hoteli ni kama bomba moja la maji lenye vidumu vingi. Tuseme mwenye hoteli amelipia mstari wa megabiti 10 kwa sekunde. Wakiwa watu 20 na wote wanavuta kwa wakati mmoja, kila mtu anabaki na nusu megabiti. Na megabiti siyo MB. MB moja ina megabiti 8. Kwa hiyo faili la MB 100, ambalo ni sauti ya mkutano mmoja tu, kwa nusu megabiti linachukua karibu dakika 27 kuingia. Wale wanaoangalia mpira ndio wanaokunywa bomba lote. Yule wa kuandika sauti anahitaji kidogo sana, maana maandishi anayorudisha ni mepesi kama unyoya, ila anaumia pamoja na wengine.

Jambo lililotokea siku ya pili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Kijana mmoja alikuwa na ahadi ya kuongea na watu wa kazi saa tisa kamili, kwa video, wamwone uso na wasikie Kifaransa chake. Alivaa shati nzuri. Saa tisa kasoro dakika tano waifai ikaanza kuzunguka, inazunguka tu. Aliuliza wenzake wazime video, wengine walizima, wengine walicheka. Alipoingia ilikuwa saa tisa na dakika ishirini, wale watu walishaondoka. Walimwandikia kwa adabu kwamba wanatafuta mtu mwenye intaneti ya kuaminika. Alifunga laptopu akatoka bila kumaliza chai. Hakuna aliyekosa kati yake na mwenye hoteli, ndivyo ninavyoona mimi, ila wale waliocheka sikuwapenda.

Vijana, sikilizeni hesabu hii. Kuongea kwa Zoom kwa sauti peke yake kunahitaji kilobiti 60 mpaka 80 kwa sekunde. Ni kama MB 70 kwa saa nzima, kwenda na kurudi. Ukiwasha video nzuri ya watu wawili, ni kilobiti 600 kwa sekunde kila upande, yaani zaidi ya MB 500 kwa saa. Kwa hiyo siku ya ahadi usitegemee waifai ya watu. Nunua bando dogo la simu, liweke kando kama chumvi, usiliguse kwa kitu kingine. Ingia kwa video msalimiane, waone uso wako, halafu omba kwa heshima uzime picha kwa sababu ya mtandao. Watu wa kazi hiyo wamezoea kuombwa hivyo. Na uwaandikie jana yake kwamba unaishi mahali ambapo mtandao hukatika, uwape namba ya simu ya kukupigia. Anayejua mapema anavumilia kuliko anayeshtukizwa.

Kitu kingine ni vocha. Nimesikia malalamiko mengi kwamba "nimenunua vocha, nikahama meza, ikanikataa, mwenye hoteli mwizi." Mara nyingi siyo wizi. Vocha inafungwa na simu iliyoiingiza, inaitambua kwa namba fulani ya ndani ya simu. Zamani namba hiyo ilikuwa moja. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, na kwa iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, simu inatoa namba ya kubuni, na kila jina la waifai inalipa namba yake. Sasa pale hotelini kuna majina mawili, moja la ndani na moja la uani. Ukinunua ndani ukahamia uani, mashine inaona mgeni. Rudi ndani, au nenda kwenye mipangilio ya waifai hiyo uchague itumie namba halisi ya simu kabla ya kuingiza vocha. Nimejaribu mwenyewe, inakubali.

Na ule ukurasa wa kuingiza vocha ukikataa kufunguka? Zima data ya simu kwanza. Zima VPN kama unayo. Halafu andika neverssl.com, ni ukurasa mwepesi uliotengenezwa kwa ajili hiyo tu, utasukumwa kwenye ukurasa wa vocha. Ukiona bado, angalia tarehe ya simu. Simu ambazo betri imechoka huamka zikidhani ni mwaka 1970 au 2015, na kurasa nyingi zinakataa simu yenye tarehe ya uongo. Watu wamepeleka simu kwa fundi kwa sababu ya tarehe tu.

Vocha nyingine zinahesabu MB badala ya saa. Hapo adui yako yumo ndani ya mashine yako mwenyewe. Laptopu ya Windows ikiona waifai inafurahi, inaanza kujivutia marekebisho yake bila kukuuliza, na vocha imeisha kabla hujafungua kazi. Iambie kwamba huo mtandao unalipiwa kwa kipimo, ipo sehemu hiyo kwenye mipangilio ya waifai. Kwenye simu washa kiokoa data, kataza duka la programu kujisasisha lenyewe, na kwenye WhatsApp uzime kupakua picha na video zenyewe. Kundi moja tu la harusi linaweza kumaliza vocha ya siku.

Lakini ushauri mkubwa zaidi niliupata kwa yule dada wa picha za barabara. Yeye hakai. Anakuja asubuhi mapema hoteli ikiwa tupu, anavuta kazi ya siku nzima, anaenda nyumbani kufanya bila mtandao, jioni anarudi dakika kumi kupeleka. Kazi yake siku hizi inamruhusu kufanya hivyo, siyo kazi zote. Lakini wa kutafsiri na wa kuandika sauti mnaweza. Google Docs inakubali kuandika bila mtandao kama uliiwasha mapema. Na wanafunzi wangu wanajua Kiwix, programu iliyoanza mwaka 2007, unapakua Wikipedia nzima mara moja, ya Kiswahili ni nyepesi, halafu unasoma nyumbani bila senti. Kwa dada huyo kuna sababu nyingine pia, hataki kutembea usiku. Wazazi wenye mabinti, hilo mlifikirie pamoja nao kabla ya kuwakataza kazi yenyewe. Saa za asubuhi zipo.

Sasa upande wa mama wa chai. Niliongea naye pia, siyo haki kumsahau. Yeye analipia mstari, analipia sola na betri, na tangu Julai 2021 kuna kodi ya asilimia 12 juu ya data hapa Uganda, iliyochukua nafasi ya ile ya shilingi 200 kwa siku ya mwaka 2018 ambayo wengi tunaikumbuka. Anasema kijana ananunua kikombe kimoja saa nane, anakaa nacho mpaka giza, meza nzima, na amechomeka simu mbili. Wateja wa chakula wanaona meza zimejaa wanapita. Ameanza kuzima waifai saa sita mpaka saa nane, muda wa kula. Mimi namwunga mkono. Wala siyo hapa kwetu tu. Ndugu zetu waliopelekwa Marekani wanajua Starbucks, ile kampuni ya kahawa. Ilifungua waifai ya bure kwenye maduka yake yote ya huko tarehe 1 Julai 2010, watu wakahamia na laptopu zao. Januari 2025 ikaweka kanuni kwamba anayekaa ndani awe mteja. Na Korea Kusini, Agosti 2025, ilibidi iwakataze watu kuleta kompyuta kubwa za mezani na printa. Fikiria mtu anabeba printa kwenda kunywa kahawa! Kwa hiyo vijana, nunueni chapati, toeni simu ya pili kwenye soketi, na saa ya chakula mpishe watu.

Kuhusu usalama nitasema machache. Wengine wanaogopa waifai ya watu wote kama ugonjwa. Zamani walikuwa na haki. Mwaka 2010 ilitoka programu ndogo iliyoitwa Firesheep, mtu akikaa nayo kwenye waifai iliyo wazi aliweza kuingia Facebook ya jirani yake bila neno la siri. Tangu hapo kurasa nyingi zimehamia https, zile zenye alama ya kufuli, Facebook yenyewe iliwahamishia watu wote mwaka 2013, na WhatsApp inafunga ujumbe kutoka mwisho hadi mwisho tangu 2016. Aliyekaa meza ya pili hasomi tena maneno yako hivi hivi. Wizi wa leo ni mwingine. Mtu anawasha hotspoti yake na kuipa jina la hoteli, unaingia kwake, ukurasa unatokea unaomba namba ya simu na PIN ya Mobile Money "ili upate waifai." Hakuna waifai duniani inayohitaji PIN yako. Uliza jina sahihi kwa mama wa chai. Na laptopu ya kuazima, toka kwenye akaunti zako zote kabla ya kuirudisha.

Kubwa zaidi ya hilo ni akaunti za kukodi. Najua hapa watawakasirikia baadhi yangu. Kuna kampuni ambazo hazikubali kitambulisho cha mkimbizi, basi kijana anakodi akaunti ya mtu aliye nchi nyingine, anafanya kazi kwa jina la yule, na malipo yanaingia kwa yule. Mwezi wa kwanza analipwa, wa pili analipwa, wa tatu simu haipokelewi. Hakuna mahali pa kushtaki, maana kwenye karatasi wewe hujawahi kufanya kazi. Nimeona kijana amepoteza kazi ya wiki saba namna hiyo, usiku na mchana. Afadhali utafute kidogo kwa jina lako. Na kazi inayokuomba ulipe kwanza "ya kujiandikisha" siyo kazi, hata kama imeletwa na rafiki.

Turudi kwako, Mama. Nilimkuta kijana wako siku ya tatu. Ni kati ya wale wanaofanya kazi, hilo nakuhakikishia, yuko kwenye kuandika sauti. Nilimwomba tufanye hesabu pamoja kwenye daftari. Wiki hiyo alinunua vocha 6, ni shilingi 6,000, na chai na chapati 7,500. Malipo yaliyoingia kwenye Mobile Money yalikuwa 38,000, na ukitoa kuna makato ya mtandao na kodi ya serikali ya nusu asilimia. Kwa hiyo alibaki na kitu, lakini wewe hukukiona. Nilimwuliza kilikwenda wapi. Alisema analipa deni la skrini ya laptopu aliyoiazima, iliyovunjika mikononi mwake, na aliogopa kukuambia. Amenipa ruhusa nikuandikie hilo, nimemwambia pia akuambie mwenyewe kabla gazeti halijatoka.

Ombi langu kwako ni kwamba usimfungie simu. Mwombe daftari. Kila Jumapili akuonyeshe nini kimetoka na nini kimeingia, kama mtu yeyote mwenye kibanda anavyofanya, na mpange pamoja ni kiasi gani kinaingia kwenye unga. Usimpe tena 1,000 ya kila siku. Wiki yenye malipo, vocha itoke kwenye malipo. Wiki isiyo na kazi, asinunue vocha, aende shambani na wengine, simu yenyewe italia kazi ikija. Na kama baada ya miezi mitatu daftari linaonyesha vocha zinakula kuliko zinavyoleta, basi uko na haki ya kusema imetosha, nami nitakuunga mkono mbele yake.

Kwake yeye nilisema jambo moja tu, kwamba kuna siku mtandao utakatika nchi nzima, kama Januari 2021 wakati wa uchaguzi, siku tano hivi bila intaneti, na wateja wa mbali hawataelewa. Kwa hiyo awe na kitu kingine pembeni. Aliniambia anajifunza kutengeneza simu kwa fundi wa karibu na soko. Nilifurahi.

Wale mnaotaka kuonyeshwa haya mambo ya mipangilio kwa mkono, njooni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, kwenye darasa la P5. Wazazi mnakaribishwa pia, hata msio na simu. Wenye simu waje zikiwa na chaji, darasani hakuna soketi.